Kuitunza pikipiki kubwa kuukuu wakati wa masika Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye pikipiki kubwa za safari zenye umri: Honda Pan European na Deauville, BMW za injini ya boksa (silinda zimelala pande mbili), Yamaha FJ na nyinginezo zilizokuja nchini zikiwa zimeshatumika. Maswali ni yale yanayorudi kila Februari inapokatika na watu wanaanza kutazama mawingu. Vipimo tulivyoweka ni vya jumla. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

## Mambo ya mwanzo

Kwa nini masika, wakati huku kwetu hakuna baridi ya kuegesha pikipiki?

Pikipiki hizi zilitengenezwa kwa watu wenye majira ya baridi. Kule mwenye chombo hukiegesha Novemba na kukitoa Machi, na katikati hapo ndipo anapofungua, kusafisha na kubadilisha vilivyochoka. Sisi kinachotusimamisha ni mvua. Kuanzia Machi hadi Mei njia za udongo za kupanda Amani hugeuka utelezi, na hata kwenye lami ya kwenda Segera hakuna raha ya kuendesha chombo cha kilo 250 na zaidi huku maji yanarushwa na malori. Kwa hiyo masika ndiyo nafasi yetu ya matengenezo.

Tofauti iko kwenye adui. Wao wanaogopa maji kuganda ndani ya injini. Hilo Tanga halituhusu. Sisi tuna unyevu, joto na chumvi ya bahari, na vitu hivi vitatu hufanya kazi mchana na usiku hata pikipiki ikiwa imesimama. Pikipiki ya safari iliyotunzwa huhimili kilomita laki moja na zaidi. Nyingi zinazokufia Tanga zimekufa kwa kukaa.

Niiegeshe moja kwa moja au niendelee kuiendesha kidogo kidogo?

Chagua moja ulifanye sawasawa. Kuegesha vizuri kunafaa, na kuendesha vizuri kunafaa. Kinachoharibu ni njia ya katikati: kuiwasha uani kwa dakika tano kila Jumapili, kuisikiliza ikinguruma, kisha kuizima.

Sababu ni hii. Kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, katika umbo la mvuke. Injini ikipata moto kamili mvuke huo hutoka wote. Ikizimwa ingali vuguvugu, maji hubaki ndani ya ekzosi na mengine huingia kwenye oili. Ekzosi huoza kwa ndani ambako huoni, na juu ya hayo betri imetoa nguvu nyingi ya kupigia stata bila kurudishiwa. Ukitaka kuiendesha masika, itoe angalau mara moja kwa wiki na uifikishe mbali. Tanga hadi Muheza na kurudi inatosha kuikausha. Kama huwezi, iache ipumzike na ufuate hatua za sehemu inayofuata.

Nimenunua pikipiki iliyotoka Uingereza. Nianzie wapi?

Anzia chini. Barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa chini ya pikipiki na kujificha. Rangi ya tangi inaweza kung'aa huku boliti za ekzosi zimebaki nusu ya unene wake. Lala chini na tochi. Tazama maungio ya ekzosi, spring ya stendi ya pembeni, mkono wa gurudumu la nyuma, viungo vya shokapu ya nyuma, na sehemu ya chini ya rejeta ambapo mapezi hugeuka unga. Kwenye aluminiamu utaona vumbi jeupe chini ya rangi iliyotuna kama malengelenge; hiyo ni kutu ya aluminiamu, na ikianza huendelea.

Kisha badilisha vimiminika vyote bila kusikiliza aliyekuuzia alisema nini: oili ya injini na filta yake, oili ya gia kama iko peke yake, oili ya shafti (fimbo inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni), maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya klachi kama klachi yake ni ya mafuta. Mipira inazeeka kwa miaka hata kama kilomita ni chache, kwa hiyo paipu za petroli na za breki zikague zote. Honda ST1100 inatumia mkanda wa mpira kuendesha valvu. Kama hujui historia ya mkanda huo, uangaliwe kabla ya safari ndefu.

Fedha ni kidogo. Nini kitangulie?

Breki, tairi, beringi za magurudumu na mfumo wa kuchaji, kwa mpangilio huo. Ekzosi yenye kutu ya juu juu inaweza kungoja mwakani. Rangi, viti na stika vingoje zaidi. Tunalisema hili kwa moyo wote kwa sababu tumeona pikipiki zilizopakwa rangi mpya zikiwa na tairi za miaka kumi na mbili.

## Kuegesha

Ni mahali gani pazuri pa kuilaza?

Chini ya paa, kwenye sakafu ya saruji, penye hewa inayopita. Stoo iliyofungwa kabisa isiyo na dirisha hushika unyevu na kuupika. Kama sakafu ni ya udongo, tandika mbao. Isimamishe kwa stendi kubwa ya katikati, tairi zisibebe uzito wote mahali pamoja.

Turubai la plastiki lisiguse pikipiki. Usiku hushika umande kwa ndani, mchana joto huugeuza mvuke, na chombo chako kinashinda kwenye jasho. Shuka kuukuu la pamba au kitenge kikubwa kinatosha kuzuia vumbi. Wanaokaa Raskazone na kokote karibu na bahari wapake filamu nyembamba ya oili au grisi ya silikoni kwenye chuma kilicho wazi, isipokuwa diski za breki na tairi.

Nifuate hatua zipi kabla ya kuilaza?

Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha iendeshe kilomita ishirini hivi ikauke na injini ipate moto. Njiani jaza petroli. Ukirudi, mwaga oili ingali moto na uweke mpya pamoja na filta, kwa sababu oili iliyotumika imebeba asidi na maji ambayo hula beringi zikiwa zimetulia. Jaza upepo wa tairi hadi kiwango cha kitabu. Tia grisi kwenye viungo vya stendi, pedali na vishikio. Toa betri au iunge na chaja. Maelezo yake yako kwenye sehemu ya "Betri na umeme" hapa chini. Mwisho, ziba mdomo wa ekzosi injini ikiwa imeshapoa, na ufunge utambaa mwekundu kwenye usukani ukukumbushe kuzibua.

Naweza kuipeleka kwenye mashine ya kuoshea magari?

Unaweza, lakini simama hapo hapo. Maji ya presha hupenya sili za beringi, soketi za umeme na filta ya hewa. Mwambie kijana, "Mdogo wangu, presha isikaribie magurudumu, dashibodi wala chini ya kiti," na uhakikishe anasikia.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi. Baadhi ya wanaoosha humalizia kwa kupuliza dizeli au oili iliyopunguzwa ili chini kung'ae. Mipira huvimba, na tone likifika kwenye diski ya breki pedi zimeharibika. Kataa mapema, kabla hawajashika bomba.

Tangi lijae au liwe tupu?

Tangi la chuma lijae. Nafasi tupu hushika hewa yenye unyevu, maji hujikusanya chini, na kutu huanzia hapo. Tangi la plastiki halishiki kutu, ila petroli nayo huzeeka. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu huanza kupoteza sehemu zake nyepesi na injini huwa ngumu kuwaka. Dawa ya kutunza petroli ukiipata itie kabla ya ile safari ya mwisho, ili ifike hadi kwenye kabureta au pua za sindano.

Na kabureta?

Hapa ndipo pikipiki nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinapokwama. Kila kabureta ina kibakuli kidogo kinachoshika petroli. Petroli hiyo ikikauka huacha gundi ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya rangi ya mafuta iliyochacha, na gundi hiyo huziba jeti ndogo kuliko zote, ile ya mwendo wa chini. Dalili zake zinajulikana: pikipiki inawaka kwa choki tu, ukiitoa inazima, lakini kwenye resi kubwa inakwenda vizuri.

Kinga ni rahisi. Kila kibakuli kina skrubu ya kumwagia chini yake. Funga koki ya petroli, legeza skrubu, pokea petroli kwenye kopo, funga tena. Injini ya V4 ina kabureta nne, na zote nne zimwagwe.

Zikishaziba, zifunguliwe na kila jeti itolewe, isafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usimruhusu fundi kuchokonoa jeti kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka kidogo tu, pikipiki itakunywa petroli kupita kiasi na plagi zitakuwa nyeusi daima.

Panya na nyigu wanaharibu kweli?

Sana. Panya hupenda kiota ndani ya boksi la filta ya hewa, na wakiwa hapo hutafuna ganda la nyaya. Nyigu wa udongo hujenga kwenye mdomo wa ekzosi na kwenye vipaipu vya kupumulia tangi. Pikipiki inayozima baada ya dakika kumi na kuwaka tena ukifungua kifuniko cha tangi, mara nyingi kipumulio chake kimeziba. Usiihifadhi karibu na magunia ya mahindi.

## Betri na umeme

Betri yangu hufa kila masika. Kwa nini?

Betri ya risasi na asidi hujimaliza yenyewe hata ikiwa haijaungwa na kitu, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyojimaliza haraka. Ongeza saa, alamu na redio, ambavyo hunyonya kidogo kidogo muda wote. Ikishashuka, sahani zake hushika ganda la salfeti, na ganda hilo likikomaa chaja haiwezi kulitoa.

Pima kwa mita ya umeme baada ya betri kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu, na hapo ndipo pa kuichaji. Ikifika 12.0 iko karibu na kuisha, na kila siku inayokaa hivyo inapunguziwa umri. Kama huna umeme mahali pikipiki ilipo, toa betri upeleke ndani ya nyumba na uichaji mara moja kwa mwezi.

Betri ya majimaji ikipungua huongezwa maji yaliyotonezwa, yasiyo na asidi. Dukani sema hivyo hivyo, maana ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa asidi, na kuongeza asidi kwenye betri iliyopungua maji ni kuiua.

Chaja ya gari inafaa?

Ile kubwa ya gereji, hapana. Kanuni ni kuchaji kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri: betri ya ampea-saa 14 ichajiwe kwa ampea 1.4 hivi. Chaja ya ampea kumi huichemsha. Chaja ndogo inayojizima yenyewe betri ikijaa ni ununuzi mzuri kuliko betri mpya kila mwaka. Chaji mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, kwa sababu betri hutoa hidrojeni.

Nitajuaje kama pikipiki inachaji?

Weka mita kwenye betri, washa injini, panda hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika. Ukisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, mambo ni mazuri. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji, imeshindwa kuzuia na inapika betri.

Ikiwa haichaji, usikimbilie kununua rektifaya. Fuata nyaya tatu, mara nyingi za njano, zinazotoka kwenye koili ya magneti. Fungua soketi yake na uitazame mwangani. Kwenye pikipiki hizi kuukuu utakuta tundu moja limekuwa la kahawia, plastiki imelainika na waya umekauka mgumu. Chumvi ilianza kula mguso, mguso ukawa dhaifu, ukapata moto, moto ukayeyusha soketi. Kata, safisha hadi shaba ing'ae, unga kwa risasi ya kulehemu na funika vizuri.

Soketi ikiwa nzima, ichomoe na upime koili ukiwa umeiweka mita kwenye umeme wa mkondo geu. Injini ikiwa kwenye resi, pima kila jozi ya zile nyaya tatu. Namba zote tatu zilingane. Moja ikiwa chini, koili imeungua. Zima, kisha hakikisha hakuna waya kati ya hizo tatu unaogusana na bodi. Vyote vikiwa sawa, sasa mtuhumiwe rektifaya.

Soketi zenye ukijani nifanyeje?

Zichomoe moja moja, pulizia dawa ya kusafisha umeme, sugua kwa mswaki, kausha, tia grisi ya silikoni kidogo, rudisha. Usisahau nyaya za bodi: ile boliti inayofunga waya mweusi kwenye fremu, ikishika kutu, huleta matatizo ya ajabu kama indiketa kuwaka ukikanyaga breki.

Naweza kuchukua moto kwenye gari?

Ndiyo, gari likiwa limezimwa. Nyekundu kwa nyekundu, na waya mweusi ushike chuma cha injini ya pikipiki, mbali na betri. Injini ya gari ikiwa inanguruma unahatarisha rektifaya yako. Ikishawaka, pima kama inachaji kabla ya kuondoka kwenda mbali.

## Oili, maji ya rejeta na shafti

Oili ya gari inafaa kwenye pikipiki?

Pikipiki nyingi za Kijapani zina klachi inayoogelea kwenye oili ya injini. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi huanza kuteleza: resi inapanda, mwendo haupandi. Tafuta chupa yenye alama JASO MA au MA2, yaani oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Uzito wa 10W-40 unafaa nyingi kati yake. Injini za kupozwa kwa hewa kwenye joto letu hufurahia 20W-50 kama kitabu kinaruhusu. BMW za boksa za zamani zina klachi kavu, kwa hiyo sharti la klachi haliwahusu wenye nazo.

Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Injini imekufa?

Tulia kwanza. Kama povu hilo liko kwenye kifuniko na dirisha la oili tu, na umekuwa ukiendesha mwendo mfupi wa mjini, ni unyevu. Badilisha oili, iendeshe mbali, tazama tena. Kama oili yote imebadilika na maji ya rejeta yanapungua, sili ya pampu ya maji au gasketi ya kichwa imepasuka. Usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

Maji ya bomba kwenye rejeta yana shida gani?

Yana chumvichumvi na chokaa zinazoganda kwenye njia nyembamba, na hayana kinga ya kutu. Injini za aluminiamu huliwa kwa ndani. Watu hudhani kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ni ya nchi za baridi pekee. Kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotonezwa, au nunua iliyochanganywa tayari, na ibadilishe kila miaka miwili. Ni sumu, na ladha yake ni tamu. Isiachwe kwenye beseni uani penye watoto au paka.

Shafti haihitaji matunzo, sivyo?

Inahitaji kidogo, na kidogo hicho ndicho husahauliwa. Oili ya difu, yaani gia za mwisho wa shafti kwenye gurudumu la nyuma, kwa kawaida 80W-90, ni chini ya robo lita. Ukiimwaga, tazama sumaku ya boliti: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Tairi ya nyuma ikitolewa, safisha meno ya kiungo cha gurudumu na uyapake grisi yenye molibdenamu. Meno hayo yakikauka huchongoka polepole hadi siku gurudumu linapokataa kuzunguka, na bei ya kuyabadilisha itakusikitisha.

Wenye cheni wasafishe kwa mafuta ya taa, wasitumie petroli, kwa sababu cheni za pikipiki hizi zina ringi za mpira ndani.

## Breki, tairi na miguu ya mbele

Mafuta ya breki hayajapungua. Kwa nini niyabadilishe?

Kwa sababu hunywa maji kutoka hewani, na hewa ya Tanga ina maji mengi. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji kiwango chake cha chini ni 155. Sasa fikiria unashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, umebeba abiria na mizigo miwili pembeni, kona baada ya kona. Ukishikilia breki muda wote, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hupata moto, maji yaliyomo kwenye mafuta hugeuka mvuke, na mkono wa breki unakwenda hadi kwenye usukani bila kitu kutokea. Kwenye mteremko ule upande mmoja ni mwamba na mwingine ni bonde.

Badilisha kila miaka miwili, na yakiwa na rangi ya chai badilisha leo. Tumia chupa mpya ambayo haijafunguliwa. Usichanganye DOT 4 na DOT 5, maana DOT 5 ni ya silikoni. Yakidondoka kwenye rangi, mwagia maji mara moja. Na mteremkoni, shuka na gia ndogo, injini ndiyo ikushike.

Pikipiki zenye breki za mbele na nyuma zilizounganishwa au zenye ABS zina utaratibu wake wa kutoa upepo. Ufuate kama ulivyo kwenye kitabu; kuruka hatua moja huacha hewa ndani.

Gurudumu limekuwa zito baada ya kukaa. Tatizo ni nini?

Inua gurudumu, kanyaga breki, achia, lizungushe kwa mkono. Likigoma, legeza nipo ya kutolea upepo kidogo. Likilegea hapo hapo, presha imenaswa: ama paipu ya breki imevimba kwa ndani na inafanya kazi ya valvu, ama kitundu cha kurudishia mafuta kwenye masta (pampu ya breki) kimeziba. Likibaki zito, pistoni za kalipa zimeshika. Zitolewe, zisafishwe, mifereji ya sili ikwanguliwe ule unga mweupe, na sili mpya ziwekwe. Pini za kuteleza zipakwe grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira.

Tairi ina kashata (meno) nzuri bado. Niitupe kwa sababu ya umri?

Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2316 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2016. Baada ya miaka mitano ikague kila mwaka kwa nyufa ndogo kati ya kashata na ukutani. Ikifika kumi, itoke hata kama inaonekana mpya. Mpira mzee huwa mgumu, na kwenye lami iliyoloa baada ya siku nyingi za vumbi hushika vibaya mno.

Shokapu za mbele zinavuja. Lazima sili mpya?

Jaribu kwanza kusafisha. Inua kinga ya vumbi, pitisha kipande chembamba cha plastiki laini kuzunguka sili, utatoa mchanga ulionasa. Ikiendelea kuvuja, pitisha ukucha kwenye bomba. Ukihisi vishimo vya kutu, sili mpya itachanika kwa muda mfupi mpaka bomba lishughulikiwe. Oili ikishuka hadi kwenye breki, usiendeshe.

Ukiwa hapo, inua mbele na ugeuze usukani taratibu. Ukinasa katikati kama unaingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekwisha.

## Spea na mafundi

Spea nitapata wapi, na bodaboda zote ni Boxer na TVS?

Vingi havihitaji duka la pikipiki kubwa. Beringi hununuliwa kwa namba iliyoandikwa ubavuni: 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje 40 na unene 12, na ni ile ile iwe ya pikipiki, pampu au mashine. Chagua yenye 2RS, iliyofungwa kwa mpira pande zote mbili. Sili nazo zina vipimo juu yake, kwa mfano 41x54x11. Balbu ya H4 ni ile ya magari. Paipu za petroli, fyuzi, vibana na balbu za indiketa vyote viko Ngamiani.

Pedi za breki, filta na gasketi ndizo za kuagiza. Andika namba ya fremu na mwaka, na uagize Januari, ili masika ikianza uwe navyo mkononi.

Fundi wa bodaboda anaiweza?

Wengi wao wana mikono mizuri sana. Wanachokosa ni kitabu na muda. Mpelekee kazi moja kwa siku, pamoja na ukurasa wa kazi hiyo, na kaa naye. Mwambie: "Fundi, hii ina kipimo chake cha kukaza, tutumie spana ya kipimo." Anayekasirishwa na ombi hilo, mshukuru uondoke.

Boliti imekwama. Niilazimishe?

Hapana. Ilowekwe mafuta ya kupenya usiku kucha, igongwe kichwani kwa nyundo ndogo, ipashwe moto ikiwa haiko karibu na petroli wala sili, kisha ijaribiwe kukazwa kidogo kabla ya kufunguliwa. Boliti ya chuma kwenye aluminiamu ikikatika, gharama inaongezeka mara kadhaa. Wakati wa kurudisha, paka grisi ya kuzuia kushikana.

## Hali zisizo za kawaida

Mafuriko yameikuta ikiwa imeegeshwa. Nijaribu kuiwasha?

Usiguse stata. Maji hayabanwi, yakiwa juu ya pistoni, fimbo yake hupinda. Toa betri, toa plagi zote, zungusha gurudumu la nyuma ikiwa kwenye gia ya juu ili maji yatoke. Mwaga oili, petroli, na oili ya shafti, toa filta ya hewa. Jaza oili ya bei nafuu, iwashe kwa muda mfupi, imwage, na urudie hadi itoke safi. Kama ni maji ya bahari, ioshe yote kwa maji baridi siku hiyo hiyo na anza kufungua soketi. Beringi za magurudumu na breki zifunguliwe wiki hiyo.

Nimepata pikipiki iliyokaa miaka mitatu bila kuwashwa. Niiamsheje?

Toa petroli yote ya zamani na utazame ndani ya tangi kwa tochi. Kutu ikiwemo, isafishwe kabla ya kitu kingine. Badilisha paipu na filta ya petroli. Safisha kabureta kama ilivyoelezwa juu, na vimiminika vyote kama kwa pikipiki mpya kutoka nje. Toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili kila silinda, iache usiku, kisha zungusha injini kwa mkono. Ikizunguka bila kugoma, piga stata plagi zikiwa nje na zimegusishwa bodi, hadi taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi na uwashe, nje, penye hewa wazi, kwa sababu moshi wa ekzosi ndani ya chumba unaua.

Safari ya kwanza iwe ya mtaa mmoja. Rudi, gusa kila gurudumu katikati: lenye moto kuliko jingine lina breki iliyoshika au beringi mbovu. Tazama sakafuni kama kuna tone. Kaza tena boliti zote ulizofungua, kisha siku ya pili nenda hadi Pongwe.